Uzi ulio nje ya seli unawasha vipi jeni iliyo ndani?

Swali: Shikamoo Daktari. Niko mwaka wa pili wa masomo ya maabara za tiba, hapa Mbeya. Tangu sekondari nimefundishwa kwamba kolajeni kwenye mfupa ni kama nondo kwenye zege: inashikilia tu, kazi yote inafanywa na seli. Wiki iliyopita mhadhiri wetu alipita haraka kwenye sentensi moja, kwamba kolajeni inayoizunguka seli ya mfupa inachangia kuamua jeni zipi ziwake na zipi zizime. Sijaelewa. Kolajeni haina uhai, iko nje ya seli, haiingii kwenye kiini. Inaamuaje? La pili, nisamehe kama ni la kitoto: bibi yangu alivunjika nyonga, na kila siku tunamchemshia supu ya makongoro ili mfupa uunge. Je, hiyo kolajeni ya kwenye supu inafika?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mpe bibi pole nyingi. Swali lako la pili si la kitoto hata kidogo. Nitalijibu mwishoni, na utaona kwamba sufuria ile ya makongoro imebeba sehemu kubwa ya jibu la swali la kwanza.

Nianze na hiyo nondo, maana ndiyo iliyokuzibia njia. Mfano wenyewe si wa uongo. Karibu theluthi mbili ya uzito wa mfupa ni madini ya kalsiamu na fosfati, hiyo ndiyo zege. Katika protini za mfupa, kama tisa kati ya kila kumi ni kolajeni ya aina ya kwanza, hiyo ndiyo nondo. Ukiuloweka mfupa wa kuku kwenye siki kwa siku kadhaa, madini yanayeyuka na unabaki na kitu cha kukunjika kama mpira. Ukiuchoma mpaka kolajeni iungue, unabaki na kitu kinachosagika mkononi. Mpaka hapo mwalimu wako wa sekondari yuko sahihi. Mfano unaharibika tunapomfikia fundi. Fundi wa zege akishamwaga anakusanya vifaa na kwenda zake. Fundi wa mfupa haondoki. Seli jenzi, tunayoiita osteoblasti, inafuma kolajeni pembeni yake, na baadhi ya seli hizo zinazama ndani ya kile zilichokifuma, zinageuka kuwa osteositi na kuishi humo miaka mingi. Kwa mtu mzima, zaidi ya tisa kati ya kumi ya seli zote za mfupa ni hizo zilizozama. Zimeigusa kolajeni usiku na mchana. Ajabu ingekuwa kama zisingeisikia.

Badala ya nondo, nakupa ukili. Umewahi kumwona bibi wa pwani akisuka ukili wa mkeka? Hatazami karatasi wala mchoro. Kidole kinagusa mstari uliokwisha kusukwa, na mstari huo ndio unaokiambia mwaa upi upite juu na upi upite chini. Kazi iliyokwisha kufanywa inaiongoza inayofuata. Mstari wa kwanza ukikosewa, mkono wenyewe unapotea, hata kama msusi ni hodari. Seli ya mfupa inafanya kazi namna hiyo. Inasuka, inagusa ilichosuka, kisha inawasha jeni za hatua inayofuata kulingana na ilichokigusa. Hilo ndilo jibu lako kwa ufupi. Sasa nikuonyeshe tulivyolijua, maana bila ushahidi ni hadithi tu.

Tuuangalie kwanza uzi wenyewe. Kolajeni ni kamba ya nyuzi tatu zilizosokotana, mfano wa kamba ya makumbi ya nazi. Kila uzi una asidi amino zaidi ya elfu moja, na karibu urefu wote kila ya tatu ni glisini, kwa sababu glisini ndiyo ndogo kuliko zote na ndiyo pekee inayoenea katikati ya msokoto bila kuusukuma nje. Prolini nyingi za kwenye uzi huo hubadilishwa baada ya uzi kutengenezwa: kimeng'enya kinazipachika kipande cha oksijeni na haidrojeni, zinakuwa haidroksiprolini. Kimeng'enya hicho hakiendelei na kazi bila vitamini C. Hapa kuna namba mbili ninazotaka uziweke kichwani. Kamba isiyo na haidroksiprolini inafunguka ikifikia kama nyuzijoto 24. Yenye haidroksiprolini inavumilia mpaka karibu 39 au 40. Mwili wako uko kwenye 37. Ugonjwa wa kiseyeye, yaani ule wa kukosa vitamini C, umekaa katikati ya namba hizo mbili.

Mabaharia waliujua ugonjwa huo kwa uchungu. Katika safari ya Anson, kamanda wa jeshi la majini la Uingereza, kuizunguka dunia, iliyoanza mwaka 1740, iliandikwa habari ya askari mzee aliyejeruhiwa na kuvunjika mfupa miaka 50 nyuma, kwenye vita vya Boyne huko Ayalandi. Kiseyeye kilipomshika, vidonda vilivyokwisha kufunga vikafunguka, na mfupa uliokwisha kuunga ukaachana kana kwamba haukupona kamwe. Miaka 50! Maana yake kovu na mfupa ulioungana si vitu vilivyokamilika vikaachwa. Vinafumwa upya kila siku, na ufumaji ukisimama vinarudi nyuma. Mwaka 1747 daktari James Lind akawapa mabaharia wagonjwa machungwa na malimau ndani ya meli ya Salisbury, akawalinganisha na wenzao waliopewa dawa nyingine, na waliokula matunda wakainuka. Sababu yenyewe ilichukua karibu miaka mia mbili kujulikana.

Kwa muda mrefu watu walidhani kiseyeye kinaharibu jengo peke yake: nondo mbovu, ukuta unaanguka. Kumbe kinawaharibia mafundi nao. Hilo lilionekana kwenye sahani za maabara. Kuna ukoo wa seli uitwao MC3T3-E1, uliotolewa Japani kwenye mfupa wa fuvu la panya mchanga, na kila mtafiti wa mfupa amewahi kuushika. Ukizilisha seli hizi chakula kisicho na vitamini C, hazifi. Zinaishi, zinagawanyika, zinajaza sahani. Ila hazikomai. Jeni ya osteokalsini, protini ambayo ni alama ya osteoblasti iliyokomaa, haiwaki ipasavyo, fosfatasi ya alkali, kimeng'enya kinachosaidia madini kutua, inabaki chini, madini hayatui. Ongeza vitamini C, subiri siku kadhaa, na moja baada ya nyingine jeni hizo zinaamka.

Mwanafunzi makini atauliza: je, si vitamini C yenyewe inayowasha jeni? Ndilo swali aliloliuliza Renny Franceschi na mwenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan, na majibu yao yakatoka mwaka 1992. Walizipa seli vitamini C ya kutosha, lakini wakaongeza kemikali zinazoizuia kolajeni isisokotane kuwa kamba. Vitamini ipo, chakula kipo, seli nzima ipo, kinachokosekana ni kamba tu. Seli hazikukomaa. Kwa hiyo vitamini haikuwa mjumbe. Ilikuwa inamwezesha fundi kutengeneza kitu, na kitu hicho ndicho kilichorudi kumwambia fundi, "sasa endelea." Katika majaribio yote ya fani hii, hilo ndilo ninaloliheshimu zaidi, kwa sababu lilitenganisha mambo mawili ambayo siku zote yalitembea pamoja.

Mimi nililisoma nikiwa mwanafunzi wa uzamili, nikalipitisha mtihani, na sikulielewa. Nililielewa baadaye kwenye sahani zangu mwenyewe. Nilikuwa nazilea seli hizo kwa wiki tatu nikisubiri madini, nikazipaka rangi ya alizarini ambayo hugeuza kalsiamu kuwa nyekundu kama damu ya mzee. Zote zikatoka nyeupe. Nilibadilisha kila kitu isipokuwa chupa moja. Katika maabara ile mchanganyiko wa vitamini C ulikuwa umeachwa kwenye rafu kwa muda mrefu, ukawa na rangi ya majani ya chai yaliyochujwa mara ya pili. Vitamini C ikikaa kwenye maji na hewa inaharibika upesi. Tulipotengeneza mpya na kuiongeza kila tulipobadilisha chakula, sahani zikawa nyekundu. Nilizipima zile za mwanzo: seli zilikuwa nyingi, nzima, na kolajeni pembeni yake ilikuwa haba. Seli zote zilikuwa na DNA ileile. Zilichokosa ni kitu cha kugusa.

Sasa mguso wenyewe. Kwenye utando wa seli kuna protini zilizopenya kutoka nje hadi ndani, ziitwazo integrini. Nje zinashika, ndani zimefungamana na nyuzi za kiunzi cha seli yenyewe. Ile inayohusika zaidi hapa inaitwa alfa-2-beta-1. Inatafuta neno maalumu kwenye kamba ya kolajeni, neno la asidi amino sita: glisini, fenilalanini, haidroksiprolini, glisini, glutamati, arginini. Tazama ya tatu. Ni haidroksiprolini, ileile inayotaka vitamini C. Yaani vitamini C inaifanya kamba isimame, na papo hapo inaandika herufi moja ya neno ambalo seli italisoma.

Kuna sharti la pili, na hapa ndipo makongoro yanapoingia. Integrini hiyo inalitambua neno lile likiwa kwenye kamba iliyosokotwa tu. Umewahi kuona supu ya makongoro iliyolala usiku? Asubuhi imeganda, inatikisika. Ile ni kolajeni ya kano na ngozi ya miguu ya ng'ombe iliyochemshwa mpaka nyuzi tatu zikaachana. Kwa jina la dukani ni jelatini. Herufi zote zipo, hakuna iliyopotea. Lakini ukiiweka seli juu ya jelatini, alfa-2-beta-1 haina cha kushika. Nyuzi zikiachana, neno jingine lililokuwa limefichika, la arginini, glisini na aspatati, linajitokeza, na linashikwa na integrini nyingine kabisa zenye ujumbe mwingine. Herufi ni zilezile, mkunjo umebadilika, na habari imebadilika. Kwa seli, kolajeni iliyoharibika ni tofauti na kolajeni isiyokuwepo. Ni kolajeni inayosema jambo jingine.

Integrini ikishika neno lake, zinakusanyika mahali pamoja na ndani ya seli protini iitwayo FAK inaamka. Kuanzia hapo ni kupokezana kijiti: FAK inaamsha wengine, wanaamsha kimeng'enya ERK, na ERK kinaingia kwenye kiini kikiwa na kazi moja ya kupachika fosfati. Kinayempachika ni Runx2.

Huyu Runx2 ndiye unayepaswa kumjua kwa jina. Mwaka 1997 makundi kadhaa ya watafiti, Japani, Marekani na Ulaya, yalionyesha kwa pamoja kwamba ndiye msimamizi mkuu wa osteoblasti. Panya waliozaliwa bila jeni yake wana kiunzi kizima cha gegedu, hata chembe ya mfupa halisi hakuna. Wanakufa mara tu wakizaliwa, kwa kuwa mbavu laini haziwezi kuvuta pumzi. Binadamu mwenye nakala moja tu inayofanya kazi anaweza kuzaliwa bila mtulinga, kiasi cha kuyakutanisha mabega yake mbele ya kifua. Runx2 anakaa juu ya DNA karibu na jeni ya osteokalsini na nyingine za mfupa, na kuziwasha.

Hapa usome polepole. Watafiti walipopima, waligundua kwamba seli zisizo na kolajeni pembeni zilikuwa na Runx2 tayari. Kiasi chake hakikubadilika sana kolajeni ilipokuja. Kilichobadilika ni utendaji: baada ya kupachikwa fosfati akaanza kuishika DNA na kufanya kazi. Na walipoizuia integrini alfa-2 kwa kingamwili, Runx2 akabaki amelala hata kama kolajeni imejaa sahani nzima. Kwa hiyo mtu akikuuliza kwenye mtihani kolajeni inaingiaje kwenye kiini, mjibu kwamba haiingii, na haina haja. Msimamizi yumo ndani siku zote. Kolajeni inampigia hodi.

Integrini si mlango pekee. Kuna kipokezi kingine, DDR2, nacho hushika kolajeni iliyosokotwa, kwa neno lake lingine, na nacho huishia kumpachika Runx2 fosfati. Watoto waliozaliwa na DDR2 mbovu huwa na ufupi mkubwa na mifupa iliyopinda. Sitakwenda mbali hapo.

Mpaka sasa nimezungumzia maneno. Seli inasoma pia ugumu, na hili lilipotoka liliwashtua wengi. Mwaka 2006 Adam Engler, Dennis Discher na wenzao wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichukua seli shina za uboho, wakaziweka juu ya jeli za ugumu tofauti, zote zimepakwa kolajeni ileile ya aina ya kwanza. Neno moja, godoro tofauti. Kwenye jeli laini kama ubongo, chini ya kilopaskali 1 (kipimo cha ugumu), seli zilirefuka matawi na kuwasha jeni za neva. Kwenye jeli ya kilopaskali 8 hadi 17, kama msuli, zikawasha jeni za msuli. Kwenye 25 hadi 40 zikaanza safari ya mfupa. Mfupa uliokwisha kupata madini ni mgumu mamia ya maelfu ya mara kuliko hapo; namba hizo zinafanana na kolajeni changa iliyofumwa karibuni, kabla zege haijamwagwa. Ndipo mahali ambapo osteoblasti huanzia kazi, na kwangu mimi hiyo ndiyo inayofanya matokeo hayo yaaminike.

Seli inapimaje ugumu? Kwa kuvuta. Inashika kolajeni kwa integrini zilezile, inakaza nyuzi zake za ndani, kama unavyoivuta kamba ya kuanikia nguo kujua kama nguzo imesimama. Nguzo ikisimama, mvuto unarudi ndani mpaka kwenye ganda la kiini. Mwaka 2011 watafiti wa Padova nchini Italia, wakiongozwa na Stefano Piccolo, walionyesha mjumbe mmoja wa mvuto huo: protini YAP na mwenzake TAZ hukaa nje ya kiini seli ikiwa kwenye kitu laini, na huingia ndani kuwasha jeni seli ikiwa kwenye kitu kigumu. Njia hii na ile ya ERK zinaingiliana, na bado watu wanabishana ipi inatangulia katika mfupa ulio hai. Kwenye sahani unaweza kutenganisha ugumu na maneno. Ndani ya mguu wa mtu vinabadilika pamoja.

Kuna jambo la tatu, na kihistoria ndilo la kwanza. Mwaka 1965 daktari wa mifupa Marshall Urist, huko Los Angeles, aliuondoa mfupa madini kwa asidi, akaukausha, akabaki na kolajeni na vilivyonata humo, hakuna seli hai hata moja. Akaupandikiza ndani ya msuli wa wanyama. Baada ya wiki kadhaa, katikati ya nyama ambapo mfupa hauna haki ya kuwapo, mfupa mpya ukaota, umetengenezwa na seli za mnyama mwenyewe. Kitu kisicho na uhai kilizishawishi seli za mahali pengine ziwashe jeni za mfupa. Urist alitabiri kwamba kuna protini zilizohifadhiwa ndani ya matriksi, yaani mfumo wa kolajeni na vilivyonata humo, na mwishoni mwa miaka ya 1980 jeni zake zikapatikana. Ndizo ziitwazo BMP. Kwa hiyo kolajeni, mbali na kusema yenyewe, ni ghala la maneno ya wengine.

Ghala likiwa na kasoro, maneno yanavuja. Mfano wake ninaukumbuka kila ninapomwona mtoto mwenye mifupa inayovunjika kama kijiti, ugonjwa wa osteojenesisi impafekta. Mara nyingi chanzo ni herufi moja: glisini moja katika kamba imebadilishwa kuwa asidi amino kubwa zaidi, msokoto unakwama hapo. Kwa miaka mingi tulieleza udhaifu wa watoto hao kwa lugha ya nondo mbovu tu. Mwaka 2014 utafiti wa panya wenye ugonjwa huo, uliofanywa na kundi la Brendan Lee huko Houston, ulionyesha kwamba ujumbe wa TGF-beta, protini inayopeleka habari kwa seli, umepita kiasi kwenye mifupa yao. TGF-beta kwa kawaida huhifadhiwa kwenye matriksi, na mmoja wa walinzi wake, dekorini, hushika kolajeni. Katika aina moja ya panya hao dekorini ilishindwa kushika vizuri. Walipoizuia TGF-beta kwa kingamwili, mifupa ya panya iliongezeka na kuimarika, ingawa kolajeni yao ilibaki na kasoro ileile. Fikiria maana yake kwa mzazi wa mtoto huyo: si lazima kwanza urekebishe nondo zote. Pengine unaweza kurekebisha kile ambacho nondo mbovu zinaziambia seli. Majaribio kwa binadamu yameanza kwenye njia hiyo, na mimi nayafuatilia kwa matumaini makubwa.

Ujumbe unabadilika pia kwa namna kamba zinavyofungamana. Kimeng'enya kinachotegemea madini ya shaba hufunga kamba moja na jirani yake. Kuna kemikali ya kwenye mbegu za aina fulani ya njegere pori inayokizuia kimeng'enya hicho. Wanyama wakizila wanapata mifupa iliyopinda. Watafiti wameitumia kemikali hiyo kwenye sahani kutengeneza kolajeni yenye vifungo vichache, wakaondoa seli zilizoifuma, wakapanda seli mpya ambazo hazijawahi kukutana na kemikali. Ukomaaji wa seli hizo mpya ukaathirika. Zilikuwa zinasoma ukili uliosukwa vibaya na mwingine.

Kinyume chake ni kisukari, na hiki kiko nyumbani kwetu sana siku hizi. Sukari ikiwa juu kwa miaka, inajibandika kwenye kolajeni bila kimeng'enya chochote na kuzifunga kamba mahali pasipostahili. Mfupa wa mtu mzima hubadilishwa kama sehemu moja ya kumi tu kwa mwaka, kwa hiyo kolajeni inakaa muda mrefu ikikusanya sukari hiyo. Inakuwa kavu, yenye kukatika, na seli zina kipokezi maalumu, RAGE, kinachozigundua kolajeni hizo na kuwasha jeni za mchochota (uvimbe wa kujihami, si wa saratani) badala ya za ujenzi. Ndiyo maana mtu mwenye kisukari cha aina ya pili anaweza kupimwa wingi wa madini ya mfupa akaambiwa uko sawa, kisha akavunjika kwa kuteleza bafuni. Kama bibi yako ana kisukari, mwambieni daktari wake wa mifupa. Wakati mwingine kliniki hizo mbili hazizungumzi.

Nisiache osteositi. Hizi zilizozama ndani ya mfupa zinahitaji kolajeni iliyo imara, lakini zinahitaji pia iwe inakatika mahali pake. Panya waliotengenezwa wawe na kolajeni ambayo kolajenasi, kimeng'enya cha kukata kolajeni, haiwezi kuikata hawakupata mifupa bora. Osteositi zao zilikufa kwa wingi, wakabaki na vishimo vitupu. Inaelekea kuna habari ambazo kolajeni huzitoa ikikatwa tu. Hapo utafiti bado mchanga, na kama unatafuta mada ya uzamili, ningekuelekeza huko.

Sasa sufuria ya bibi. Kolajeni ya makongoro haifiki mfupani ikiwa kolajeni. Ilishafunguka jikoni, tumboni inakatwakatwa, na inaingia kwenye damu kama asidi amino na vipande vidogo. Osteoblasti itapata humo glisini na prolini, ambazo inazihitaji sana. Lakini ile haidroksiprolini ya ng'ombe haiwezi kupachikwa kwenye kamba mpya ya bibi: DNA haina alama yake. Seli ya bibi lazima ichukue prolini ya kawaida, iifume kwenye uzi, ndipo iibadilishe yenyewe, kwa vitamini C yake yenyewe. Neno ambalo Runx2 anasubiri kupigiwa hodi nalo haliwezi kuagizwa kutoka kwa ng'ombe.

Kwa hiyo msimkataze supu. Kwa mzee aliyevunjika nyonga, protini ni jambo zito, wengi wao hula kidogo mno. Mpeni na samaki, maharage, mayai, na mapera au ubuyu kwa ajili ya vitamini C. Fuateni maelekezo ya daktari kuhusu kumsimamisha na kumtembeza, wala msimlaze kwa kumwonea huruma, maana mfupa usiobebeshwa uzito unapoteza ule mvuto niliokueleza. Na ndimu ya supu msiikamulie sufuriani ingali inachemka, moto unaiharibu vitamini. Mkamulieni bakulini, bibi akishaketi mezani.